Kamati za wazazi: jina la mzazi wa ng'ambo lisifutwe ubaoni

Jumamosi moja ya muhula wa kwanza mwaka jana, katika shule moja ya msingi upande wa Kenya wa mji wa Namanga, mama mmoja alipendekezwa kuwa mwakilishi wa wazazi wa Gredi ya Nne. Aliyempendekeza alisimama, akataja jina, akaeleza kwa ufupi kwamba mama huyu ameweka hesabu za chama chao cha sokoni kwa miaka mingi bila shilingi kupotea. Wa pili akaunga mkono. Ndipo baba mmoja aliyeketi nyuma akasema, bila hata kusimama: "Huyo ni wa ng'ambo. Hela zikipotea tutamfuata wapi?" Watu wakacheka kidogo. Mwalimu aliyekuwa akiandika majina ubaoni akamtazama mwalimu mkuu. Mwalimu mkuu akasema, "Haya, tutafutieni mwingine," na jina likafutwa kwa dasta.

Mama mwenyewe hakusema neno. Anaishi upande wa Tanzania, mwendo wa robo saa kwa miguu kutoka shuleni, na watoto wake wawili huvuka kila asubuhi pamoja na wenzao wengi. Hela ya chakula cha mchana amelipa, stakabadhi anazo. Mwandishi wa tahariri hii alikuwa Namanga kwa habari nyingine kabisa, ya malori, akaalikwa kwenye mkutano na mwenyeji wake ambaye ni mzazi hapo. Habari ya malori tuliichapa. Hii ya jina lililofutwa hatukuichapa, na tangu siku ile imekuwa ikitusumbua, kwa sababu gazeti linalojiita la majirani lilipaswa kuiona kuwa ndiyo habari.

Tuanze na sheria, maana siku ile ukumbini kila mtu alidhani anaijua. Sheria ya Elimu ya Msingi ya Kenya ya mwaka 2013, katika kifungu cha 55 na Jedwali la Tatu, inaanzisha chama cha wazazi katika kila shule ya umma. Wanachama wake ni kila mzazi mwenye mwanafunzi katika shule hiyo, pamoja na mwakilishi wa walimu. Kila mzazi. Jedwali halisemi kila raia, wala kila mkazi wa kata, wala kila mwenye kitambulisho cha taifa. Na ukirudi mwanzo wa sheria hiyohiyo, kwenye maana ya maneno, utakuta mzazi ni mama, baba au mlezi, na hata yule anayewajibika kisheria kumtunza mtoto. Chama hicho huchagua kamati tendaji yenye wawakilishi wa kila darasa na walimu wawili, na huichagua katika mkutano mkuu wa mwaka. Mwenyekiti wake na wajumbe wawili huingia katika bodi ya usimamizi wa shule.

Kwa hiyo mama wa Namanga alikuwa na haki ya kupendekezwa, kupigiwa kura, kushinda au kushindwa. Kilichomwondoa hakikuwa sheria. Kilikuwa kicheko kidogo, dasta, na haraka ya kumaliza mkutano kabla watu hawajaondoka.

Haraka hiyo ndiyo tunayotaka kuizungumzia, kwa sababu haiwaumizi wageni peke yao. Mtu yeyote aliyewahi kukaa kwenye mkutano wa wazazi, iwe Kisumu, Mbale, Moshi au Bukavu, anaujua mwendo wake. Barua imeandika saa tatu, watu wanafika saa nne na nusu. Sala, wimbo wa wanafunzi, utambulisho wa meza kuu. Kisha taarifa ya mwalimu mkuu: matokeo ya mtihani, tangi la maji, geti jipya, nidhamu, sare, tena tangi la maji. Saa saba inafika. Akina mama wenye vibanda sokoni wameanza kuchungulia simu na kunyanyuka mmoja mmoja. Hapo ndipo mwalimu mkuu anapofunua karatasi na kusema tumebakiwa na jambo dogo tu, uchaguzi wa viongozi. Majina matatu yanatajwa na watu watatu walioketi safu ya mbele. Kuna anayepinga? Hakuna. Wamepita bila kupingwa. Makofi.

Jambo dogo! Watu hao watatu ndio watakaokaa na uongozi wa shule kupendekeza mzazi atoe kiasi gani kwa ajili ya chakula, ulinzi, mtihani wa majaribio au ukarabati. Nchini Kenya, kupendekeza michango inayotozwa kwa wazazi ni mojawapo ya kazi ambazo Jedwali la Tatu limekipa chama cha wazazi, ingawa kifungu cha 29 cha sheria hiyo kinakataza karo ya masomo katika shule za umma na kinakataza mtoto kunyimwa masomo kwa kukosa kulipa tozo nyingine. Mzazi ambaye mwanawe amewahi kurudishwa nyumbani Jumatatu asubuhi kwa ajili ya hela ya mtihani anajua ni kwa nini ni muhimu kuwa na mtu kwenye kamati anayeweza kukifungua kifungu hicho na kukisoma kwa sauti.

Katika uchaguzi wa shule, kura yenyewe mara nyingi haina kazi. Kazi yote imekwishafanyika kwenye uteuzi. Anayeamua majina gani yatajwe, na lini, na mbele ya nani, ameshachagua kamati. Ndiyo maana tunasema kidonda kiko hapo, na dawa ipelekwe hapo.

Wakongo wana historia ndefu zaidi katika hili kuliko sisi wengine, na haisimuliwi vya kutosha upande huu wa maziwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, serikali ya Mobutu iliposhindwa kulipa walimu na shule zikafungwa kwa migomo, wazazi walikubali kuchangia mishahara ili watoto warudi darasani. Ilikuwa iwe ya muda. Ikadumu karibu miongo mitatu. Katika miaka hiyo yote kamati ya wazazi, ambayo Wakongo huiita COPA, ilikuwa moja ya meza ambapo kiwango cha mchango kilijadiliwa. Mwenyekiti wa COPA alikuwa mtu wa kuogopwa na wa kubembelezwa kwa wakati mmoja. Mwalimu alimtaka akubali kiwango cha juu, kwa sababu mwalimu naye ana watoto wa kulisha. Mzazi alimtaka akishushe. Ni rahisi kuelewa kwa nini uongozi wa shule ungependa kiti hicho kikaliwe na mtu mpole. Katiba ya Kongo ya 2006 ilikuwa imekwishasema elimu ya msingi katika shule za umma ni bure, lakini utekelezaji wa kweli ulianza Septemba 2019. Hata baada ya hapo kamati hazikuondoka, wala haja ya kuchagua watu wake vizuri haikuondoka.

Tanzania nayo ilifuta ada na michango ya lazima kwa Waraka wa Elimu Namba 5 wa mwaka 2015, ukaanza kazi Januari 2016. Uganda ilikuwa imeanza elimu ya msingi kwa wote mwaka 1997. Kila mahali hadithi ni moja: serikali inatangaza bure, gharama hazifi, zinarudi kwa jina la mchango wa hiari, na hiyari hiyo inapitishwa na kamati. Mzazi anayesinzia wakati kamati inachaguliwa mwezi wa pili ataamshwa mwezi wa tano na barua iliyobandikwa kwenye daftari la mtoto.

Kuna suala la mikono. Shule nyingi bado zinachagua kwa kunyoosha mikono, na ukiuliza kwa nini unaambiwa ni rahisi na ni wazi. Wakenya wenye umri wa kutosha wanakumbuka kitu kingine kilichosifiwa kuwa rahisi na wazi: mlolongo wa mwaka 1988, ambapo katika uteuzi wa chama cha KANU wapiga kura walipanga foleni nyuma ya wagombea, na anayepata asilimia 70 au zaidi akapita moja kwa moja bila uchaguzi wa pili. Wapo waliotangazwa washindi wakiwa na foleni fupi mchana kweupe, watu wakitazama. Utaratibu huo uliachwa kwa aibu. Uganda ilichagua viongozi wa vijiji kwa kupanga foleni Julai 2018, na mjadala ulikuwa uleule: nani atathubutu kusimama nyuma ya mpinzani wa jirani yake?

Shuleni ni vigumu zaidi. Jirani ukimkosea mtaoneana haya wiki mbili kisha yatakwisha. Mwalimu anayekuona umenyoosha mkono dhidi ya mtu wa mwalimu mkuu ndiye huyo atakayesahihisha daftari la mwanao kesho. Hatusemi walimu wetu ni watu wa visasi. Wengi si hivyo kabisa. Tunasema mzazi hana haja ya kuwekwa mahali pa kujiuliza. Karatasi iliyokatwa kutoka daftari la zamani na boksi tupu la chaki vinatosha. Kwa wasiojua kuandika, kila mgombea apewe rangi au namba, na mzazi achague kipande cha rangi hiyo akiwa peke yake nyuma ya ubao. Shule inayoweza kupanga mitihani ya madarasa yote katika wiki moja haiwezi kushindwa na hili.

Nani aongoze kikao wakati wa uchaguzi? Kwa hakika asiwe mwalimu mkuu. Yeye ni mwajiriwa ambaye kamati inapaswa kumuuliza maswali. Hawezi kusimamia uchaguzi wa watakaomuuliza. Wala asiwe mwenyekiti anayegombea tena. Shule jirani zikubaliane kubadilishana: mwenyekiti wa wazazi wa shule ya pili aje asimamie hapa, na wa hapa aende kule. Jumuiya ya Afrika Mashariki hutuma waangalizi wenye vizibao katika chaguzi nyingi za rais za nchi wanachama, na sisi waandishi tunawafuata na kamera. Mwenyekiti wa wazazi kutoka upande wa pili wa mpaka akija asubuhi moja na baiskeli kusimamia uchaguzi wa shule, hatahitaji kizibao.

Utaratibu wa uteuzi tunaoupendekeza si wa ajabu. Wiki mbili kabla ya mkutano, kila mtoto apelekwe nyumbani na karatasi ya Kiswahili, au ya lugha ya mahali hapo, inayoeleza nafasi zinazogombewa na kazi ya kila nafasi. Tunalisisitiza hili la lugha. Barua za mikutano katika shule nyingi za Kenya na Uganda huandikwa kwa Kiingereza cha ofisini, na mzazi aliyeacha shule darasa la tano anaisoma aya ya kwanza kisha anaiweka juu ya kabati. Kiswahili ni lugha rasmi ya Kenya kwa katiba ya 2010, na baraza la mawaziri la Uganda liliridhia Julai 2022 kiwe lugha rasmi huko pia. Kama lugha hiyo haifai kumwita mzazi kwenye mkutano wa mwanawe, sijui tuliipitisha kwa kazi gani.

Sehemu ya chini ya karatasi iwe na nafasi ya jina la anayependekezwa, jina la anayempendekeza na la anayemuunga mkono, na sahihi au alama ya dole gumba ya mgombea mwenyewe kukubali. Hili la kukubali linaonekana dogo lakini wengi huchaguliwa wakiwa hawapo! Tumeshuhudia mweka hazina akijulishwa kwa simu kwamba tangu asubuhi yeye ni mweka hazina. Karatasi zikusanywe na wazazi watatu wasiogombea, mmoja kutoka madarasa ya chini, mmoja ya kati, mmoja ya juu, wala zisikusanywe na ofisi ya shule. Siku tano kabla ya mkutano, majina yote yabandikwe getini. Mwenye pingamizi alete pingamizi lake wakati huo, kwa maandishi, akitaja kanuni iliyovunjwa. Baba wa Namanga angelazimika kuandika: "Napinga kwa sababu ni wa ng'ambo." Huenda kalamu ingemsita mkononi, na kama isingemsita, mwalimu mkuu angepata siku tano za kuisoma sheria.

Tunajua watatu hao nao wanaweza kugeuka mlango wenye mlinzi, wakapitisha majina ya rafiki zao na kupoteza karatasi za wengine. Kwa hiyo mapendekezo ya papo hapo mkutanoni yabaki kuruhusiwa. Tofauti ni kwamba hayatakuwa njia pekee, na hayatafanywa saa saba na nusu na watu wanaokimbilia sokoni.

Kwenye ajenda, hesabu za kamati inayoondoka zisomwe kwanza, kisha uchaguzi, kisha taarifa ya mwalimu mkuu. Hesabu zitangulie kwa sababu huwezi kumchagua tena mweka hazina ambaye hujaona daftari lake. Taarifa ya mwalimu mkuu ina faida, lakini tangi la maji linaweza kusubiri.

Kuhusu idadi ya kura, pasipokuwa na kanuni iliyoandikwa sisi tungesema mzazi apige kura katika kila darasa alilo na mtoto, na baba na mama wakija wote wawili, wote wawili wapige. Bibi anayelea wajukuu wanne ambao wazazi wao wako Nairobi au Muscat kikazi, huyo ni mlezi, apige na agombee. Wapo walimu wakuu wanaowaita bibi hawa wasindikizaji. Ukihesabu vichwa kwenye benchi za wazazi utakuta akina mama na akina bibi ndio wengi; ukihesabu meza kuu utakuta wanaume. Uteuzi wa kuandikwa wiki mbili kabla ungebadilisha hesabu hiyo kuliko hotuba yoyote, kwa sababu mama anayeona haya kumtaja mwenzake mbele ya watu 200 haoni haya kuliandika jina lake jikoni kwake.

Turudi mpakani, kwa sababu swali la yule baba, tukiondoa kejeli, linastahili jibu. Hela zikipotea tutamfuata wapi? Fedha za shule hazipaswi kukaa mkononi mwa mzazi yeyote, wa hapa wala wa ng'ambo. Zikae benki, kwa sahihi zaidi ya moja, na kila shilingi iwe na stakabadhi. Pasipo hayo, hata mweka hazina aliyezaliwa nyuma ya uzio wa shule anaweza kuzila na ukaishia kumtazama akipita na pikipiki mpya. Pakiwa na hayo, nyumba yake iko upande gani wa mpaka halina uzito. Na mama huyu si mtu wa kutafutwa. Ana kibanda sokoni, ana chama, ana watoto wawili wanaoitikia majina yao darasani kila asubuhi saa mbili.

Lipo pingamizi la pili, lenye heshima zaidi: shule ya umma hujengwa kwa kodi ya raia, iweje mgeni aamue? Tunalipokea, lakini tukumbuke anaamua nini. Chama cha wazazi hakitungi mtaala. Hiyo ni kazi ya taasisi za mitaala. Hakiajiri walimu, Kenya hiyo ni kazi ya tume ya walimu, TSC. Kinachoamua ni michango ya wazazi, uji, nidhamu, ukarabati, na jinsi walimu na nyumbani watakavyoelewana. Katika mambo hayo mzazi wa ng'ambo analipa sawa na wa hapa, na mwanawe anakunywa uji uleule. Kama Wizara ya Elimu ya nchi yoyote inaona kwamba kiti cha kuingia katika bodi ya shule kihitaji uraia, basi iandike hivyo waziwazi, kanuni itangazwe, na wazazi waijadili. Isiachwe kwa mtu wa benchi la nyuma.

Wala hatubuni jambo jipya duniani. Ufaransa, ambayo ni kali sana kuhusu nani apige kura ya bunge, humruhusu kila mzazi kupiga kura na kugombea uwakilishi wa wazazi shuleni bila kujali utaifa wake. Chicago, Marekani, ilianzisha mabaraza ya shule kwa sheria ya 1988 na kuyachagua mara ya kwanza mwaka 1989. Mzazi asiye raia huyapigia kura, na mabaraza hayo yana nguvu hata ya kumchagua mkuu wa shule. Hatujafika huko, na hatuombi kufika huko. Tunaomba mwakilishi wa Gredi ya Nne.

Nchi zetu zimekwishaahidi zaidi ya hilo. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 2010, inazitaka nchi wanachama zisimbague raia wa nchi mwenzake kwa sababu ya utaifa wake. Namanga yenyewe ina kituo cha pamoja cha forodha kilichozinduliwa Desemba 2018 na Rais Uhuru Kenyatta na Rais John Magufuli, ili lori lisisimame mara mbili. Mama yule hupita kando ya kituo hicho kila anapokwenda shuleni kuulizia maendeleo ya wanawe.

Na asije msomaji wa Arusha au Kampala akadhani hii ni kesi ya Kenya peke yake. Wako wazazi Wakenya wenye watoto katika shule za Tanzania kandokando ya Holili na Sirari, na wako Waganda na Wakenya waliochanganyika Busia na Malaba kiasi kwamba ukiuliza shule moja watoto wanatoka nchi gani, mwalimu atakuomba urudi kesho na daftari. Watoto wa Goma wamekuwa wakivuka kwenda kusoma Gisenyi kwa miaka mingi, mpaka ukifunguliwa na kufungwa kufuatana na hali ya siasa na vita. Tanzania kamati ya shule imefungamana na kijiji na mtaa, kwa hiyo mzazi asiye mkazi hukuta ukuta wa aina nyingine. Ushirikiano wa wazazi na walimu ambao umeanzishwa katika shule nyingi kando ya kamati, wenye wawakilishi wa madarasa, unaweza kuwa mlango wake, ikiwa maofisa elimu kata watataja kwa maandishi kwamba mzazi ni mzazi. Waraka wa ukurasa mmoja unatosha. Tumeona nyaraka ndefu zaidi kuhusu rangi ya soksi.

Makatibu wa wizara za elimu wa nchi za Jumuiya hukutana mara kwa mara Arusha na kwingineko kuoanisha mitaala na kutambua vyeti. Tunawaomba waongeze kipengele kimoja: kila nchi itamke kwamba katika shule ya umma, mzazi au mlezi wa mwanafunzi aliyeandikishwa ana haki ya kupendekeza, kupendekezwa na kupiga kura katika chama cha wazazi, awe raia wa nchi hiyo au wa nchi mwanachama. Hakigharimu bajeti. Hakihitaji bunge, angalau kwa Kenya, ambako tayari kimo katika jedwali la sheria na kinangoja tu kusomwa.

Tulimtafuta mama wa Namanga wiki iliyopita kabla ya kuandika. Alikuwa anapanga nyanya, mafungu ya shilingi za Kenya upande mmoja na ya shilingi za Tanzania upande wa pili, akibadilisha bei kichwani bila kikokotoo. Alisema hakukasirika siku ile, alichoka tu. Mwanawe sasa yuko Gredi ya Tano na mkutano wa mwaka umeitishwa mwezi ujao. Barua ya mwaliko imekuja, ya Kiingereza, na uchaguzi umeandikwa namba tisa kwenye ajenda, baada ya taarifa ya mwalimu mkuu na kabla ya mengineyo. Mzazi aliyempendekeza mwaka jana anasema atalitaja jina lake tena, na safari hii amekwenda duka la fotokopi kutoa nakala ishirini za Jedwali la Tatu. Amelipia mwenyewe.